Tabia za Mtu Afaaye Kuwaongoza Wakristu

(Somo la tisa)



Wakristu wapendwa wa Mashamba, na ninyi nyote mlio katika vijiji vya kandokando ya Kolwezi, twawasalimu kwa jina la Bwana wetu. Katika somo lililotangulia tulieleza ya kwamba kila mtu aliyebatizwa na kupewa Kipaimara ni kiungo hai cha Kanisa, wala si mtazamaji tu. Leo twapiga hatua moja mbele. Katika viungo hivyo wako wanaokabidhiwa kazi ya kuwaongoza wenzao: katekista, mkubwa wa jumuiya, mshauri wa parokia, mtunza fedha, mama anayesimamia kazi za huruma. Basi twauliza: mtu wa namna gani afaa kupewa kazi hiyo?

Swali hili si la mapadri peke yao. Padri hawezi kukaa katika kila kijiji. Huja, huadhimisha Misa, huwaungamisha watu, kisha huenda kwingine wanakomngoja. Siku zote zinazobaki, ni nani awakusanyaye wakristu kwa sala? Ni nani akaaye na mjane usiku wa matanga? Ni nani ambatizaye mtoto aliye katika hatari ya kufa? Ni ndugu mmoja wa papo hapo kijijini, mnayemjua tangu zamani. Maaskofu wa Kongo waliliona jambo hilo mapema, na katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1961 walichagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai. Tena, tarehe 10 Mei 2021, Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa lote, kwa wanaume na kwa wanawake. Kwa hiyo mnapomchagua kiongozi, mwafanya kazi kubwa. Mkichagua vizuri, imani ya watoto wenu yapata mlinzi. Mkichagua vibaya, wadhaifu watakwazwa na kurudi nyuma.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: kiti hakigeuzi moyo. Wengine husema, “Tumpe kazi, atatengenea humo humo.” Hayo si maneno ya hekima. Ninyi mnaoishi karibu na machimbo mwajua ya kwamba mnunuzi halipi jiwe kwa kuitazama rangi yake tu, ijapokuwa ni la kijani kama shaba au jeusi kama kobalti. Kwanza hulipima ili ajue lina madini kiasi gani ndani yake. Hakuna mtu alipaye kwanza na kupima baadaye. Ikiwa mwafanya hivyo kwa jiwe, je, si zaidi kwa mtu atakayekabidhiwa roho za watu? Mtume Paulo alimwagiza Timoteo ya kwamba mashemasi wajaribiwe kwanza, ndipo wapewe huduma. Tena alimwonya asiwe mwepesi wa kuwawekea watu mikono.

Tazameni mfano wa Uganda. Mapadri wa kwanza walifika huko mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 iliwabidi kuondoka, wasirudi mpaka mwaka 1885. Wakristu wachache, walio wapya kama wengi wenu, walibaki muda huo wote pasipo padri. Je, walitawanyika? Hapana, waliongezeka. Katika ikulu ya Kabaka aliyewaongoza alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi aliyeaminiwa sana na mfalme. Huyu aliwafundisha vijana wa ikulu na kuwakinga na maovu. Mwezi wa Oktoba 1885 askofu Mwanglikana Hannington aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Yosefu akathubutu kumwambia mfalme ya kwamba amefanya vibaya, ingawa marehemu hakuwa wa Kanisa lake. Tarehe 15 Novemba mwaka ule ule Yosefu naye aliuawa. Huko Mityana wakristu walitunzwa na Matia Mulumba pamoja na Nowa Mawagali, mfinyanzi wa vyungu. Hao nao waliuawa mwaka 1886, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza wote kuwa Watakatifu. Watu hao hawakuwa mapadri, wala hawakusoma katika seminari. Walipoachwa peke yao, tabia yao ilikuwa imekwisha kukomaa.

Sasa na tuzitaje tabia hizo, moja moja.

Tabia ya kwanza ni mikono safi. Jethro, mkwewe Musa, alipomwona Musa akichoka kwa kuwaamua watu mchana kutwa, alimshauri atafute wasaidizi. Alitaka wawe watu wenye uwezo, wacha Mungu, wakweli, tena wenye kuichukia mali ya dhuluma. Kwa nini alikumbuka habari ya mali? Kwa sababu mwenye cheo huletewa zawadi, na zawadi hufunga kinywa. Yuda Iskariote alikuwa mtume, aliyaona maajabu, aliyasikia mafundisho kutoka kinywani mwa Bwana mwenyewe. Naye ndiye aliyeushika mfuko. Injili ya Yohane yasema alikuwa akiiba yaliyotiwa humo. Hakuanza kwa vipande thelathini vya fedha, alianza kwa kidogo kidogo.

Katika nchi yetu tumepewa shahidi wa jambo hili, kijana wa nyakati zetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akawa katika jumuiya ya Sant'Egidio, na huko aliwatunza watoto wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Watu walimletea fedha apate kuruhusu chakula kilichoharibika kipite kwenda kuuzwa. Akakataa, kwa maana aliwafikiria maskini watakaokila na kuugua. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akauawa. Umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Floribert hakuuawa kwa kuhubiri juu ya mimbari. Aliuawa kwa sababu alikuwa mkristu kazini, mbele ya karatasi na muhuri.

Basi, mkitaka kumjua mtu mwenye mikono safi, msimtazame siku ya Jumapili peke yake. Mtazameni siku ya Jumatatu. Ikiwa ni mnunuzi wa madini, mizani yake yasema kweli? Mchimbaji aliyetoka shimoni na vumbi usoni, asiyejua kusoma hesabu, apata haki yake kwake? Ikiwa ni mkubwa wa kikundi cha wachimbaji, awagawia wenzake sawasawa baada ya kuuza? Ikiwa ni mkulima, alilipa deni lake alipovuna? Tuseme mama mmoja sokoni amerudisha noti aliyozidishiwa kwa makosa. Mama huyo amekwisha kufanya mtihani wa utunza fedha, naye ameshinda.

Tabia ya pili ni nyumba iliyotengenezwa. Mtume Paulo auliza: asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, atalitunzaje Kanisa la Mungu? Hasemi ya kwamba kiongozi awe tajiri au watoto wake wasiwe na kosa hata moja. Ataka mke asipigwe, mume asidharauliwe, watoto wafundishwe sala na kupelekwa shule wala si kutumwa machimboni wachukue mizigo ya mawe. Yule Matia Mulumba tuliyemtaja alikuwa na wake wengi kabla ya kuamini. Alipoongoka alibaki na mmoja, kama sheria ya Kristu iagizavyo. Alianza kutii nyumbani kwake, ndipo alipoweza kuwafundisha watu wa Mityana.

Tabia ya tatu ni kiasi, katika pombe na katika ulimi. Siku ya malipo mwajua jinsi fedha ya machimbo inavyokwenda: jioni ipo, asubuhi haipo. Kiongozi anayelewa hawezi kumwonya kijana mlevi, na akimwonya atachekwa. Hata hivyo ulimi waleta hatari kupita chupa. Watu humletea mkubwa wa jumuiya siri za nyumba zao: ugonjwa, ugomvi, binti aliyepata mimba. Asipoweza kufunga kinywa chake, nyumba zitamfungia mlango, wala hatapata tena nafasi ya kusaidia.

Tabia ya nne ni kutopendelea watu. Katika Matendo ya Mitume twasoma ya kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwakemea wanung'unikao. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Angalieni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao; yote ni majina ya Kigiriki. Kama majina yaonyeshavyo, jamaa yote iliwakabidhi chakula watu wa upande ule ule ulioonewa. Ndivyo Kanisa la kwanza lilivyoponya kidonda kabla hakijaoza.

Sisi wa Kolwezi twakihitaji sana kisa hicho. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Likasi na Kolwezi. Maelfu walingoja gari moshi siku nyingi stesheni pamoja na watoto na wagonjwa, na wengi walikufa huko au njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa, wengi walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Tusiseme ni mambo ya zamani. Machimbo bado yaita watu wa kila kabila, na maneno ya chuki hayakosi kusikika panapogombaniwa kazi au shimo. Kiongozi mkristu hana ruhusa kuuliza kwanza, “Huyu ametoka wapi?” Aulize, “Huyu amekula? Huyu ni mgonjwa? Huyu amedhulumiwa?” Akishindwa na hilo, hata akijua nyimbo zote za kanisa, hafai.

Tabia ya tano ni kukubali kuonywa na kujua kusamehe. Mtume Petro, aliyekuwa mkubwa wa wote, alionywa na Paulo huko Antiokia mbele ya watu, kwa sababu alijitenga na wakristu wasio Wayahudi. Petro hakuvunja ushirika. Kiongozi ambaye hakuna awezaye kumwambia neno amegeuka kuwa mfalme mdogo. Na kwa habari ya kusamehe tunaye Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa Kongo aliyebatizwa mwaka 1906. Alifanya kazi kwa kampuni ya Wazungu, akawafundisha wenzake sala, akavaa skapulari ya Bikira Maria. Mzungu mmoja msimamizi aliichukia dini yake, akaamuru apigwe viboko vikali mno. Vidonda vikaoza, na tarehe 15 Agosti 1909 akafariki. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemtesa, akaahidi kumwombea mbinguni. Mtu anayeweka orodha ya waliomkosea hawezi kuwapatanisha wengine.

Hapa wengine watauliza, “Mwataka malaika? Kijijini hakuna mtu asiye na kosa.” Ni kweli, na Kanisa halitafuti malaika. Petro mwenyewe alimkana Bwana mara tatu, lakini alilia, akarudi. Mwizi aliyerudisha alichoiba ametubu. Mwizi anayegawa sehemu ya alichoiba kama sadaka bado ni mwizi. Wengine watasema, “Fulani ana moyo mwema, lakini hajui kusoma vizuri.” Kusoma kwaweza kufundishwa kwa miezi, na mtoto wake aweza kumsomea. Uaminifu haufundishwi kwa kozi ya majuma mawili. Wengine tena huwaacha wanawake nyuma. Lakini Paulo alimsifu Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na alimtaja Priska pamoja na mumewe kama watenda kazi wenzake katika Kristu.

Sasa tufikie jambo ambalo katika nchi ya shaba laleta majaribu makubwa. Tuseme kikanisa chenu kinavuja. Anakuja tajiri, mnunuzi wa madini, aahidi mabati kwa nyumba nzima. Baadaye watu wake wanaanza kunong'ona ya kwamba haitafaa mfadhili akae nyuma. Yafaa awe mkubwa wa jumuiya. Mfanye nini?

Kumbukeni Simoni mchawi wa Samaria. Aliwaletea Mitume fedha ili naye apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono. Petro alimkatalia kwa ukali, akamwambia moyo wake si mnyofu mbele ya Mungu. Mpaka leo dhambi ya kununua vitu vitakatifu yaitwa kwa jina lake, simonia. Tajiri si adui yetu. Zakayo alikuwa tajiri, na Bwana aliingia nyumbani mwake. Lakini Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Kwa hiyo, tajiri akitoa mabati kwa upendo, mpokeeni kwa shukrani na mwombeeni. Akiwa na tabia tulizozitaja, anaweza kuchaguliwa kama mtu mwingine yeyote. Lakini ikiwa mabati ndiyo bei ya kiti, mrudishieni mabati yake. Afadhali kusali chini ya paa la nyasi linalovuja kuliko kusali chini ya paa lililonunua madaraka. Maana aliyenunua kiti atataka kurudishiwa fedha yake, na atairudisha kutoka katika kapu la sadaka za maskini.

Tena, hata mkimpata mtu mwema, msimwache peke yake na majaribu. Mtume Paulo alipokusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuuchukua peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliosifiwa na makanisa, ili asipatikane mtu wa kumlaumu katika habari ya fedha nyingi hizo. Ikiwa Paulo hakuona aibu kushuhudiwa, mtunza fedha wa Mashamba aona aibu ya nini? Basi sadaka zihesabiwe na watu watatu mbele ya wote. Hesabu iandikwe siku ile ile katika daftari. Kasha liwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wa nyumba mbalimbali. Kila mwezi hesabu isomwe kanisani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwaminifu atafurahi, kwa kuwa daftari lamlinda na masingizio.

Na kiongozi akianguka, msimtangaze sokoni. Bwana wetu ametufundisha utaratibu: kwanza umwonye peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe, asiposikia hao, liambie Kanisa. Anayeanza na sokoni ataka kulipiza kisasi, hataki kumponya ndugu.

Sasa yarudieni maswali haya nyumbani, mpaka watoto wayajue kwa moyo.

Swali: Kiongozi wa wakristu apimwa lini?
Jibu: Apimwa kabla ya kupewa kazi, kwa maisha yake ya kila siku nyumbani na kazini.

Swali: Zitaje tabia tano zimpasazo.
Jibu: Mikono safi, nyumba iliyotengenezwa, kiasi cha pombe na ulimi, kutopendelea watu, na moyo wa kukubali kuonywa na kusamehe.

Swali: Yafaa mtu apewe madaraka katika Kanisa kwa sababu ya zawadi zake?
Jibu: Haifai kamwe. Zawadi yapokewa kwa shukrani, lakini madaraka hayauzwi.

Swali: Anayechagua ana wajibu gani?
Jibu: Aombe kwanza, kama Mitume walivyoomba kabla ya kumchagua Mathia, kisha achague kwa dhamiri, bila kutazama kabila, mali wala urafiki.

Kusudi la juma hili: kila jamaa ikae jioni moja, isome sura ya tatu ya barua ya kwanza kwa Timoteo na sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Kisha kila mmoja ajiulize kimya: “Kama wenzangu wangenipima leo kama jiwe lipimwavyo, wangeona nini ndani yangu?” Wala swali hilo si la wakubwa peke yao, kwa maana viongozi wa miaka ijayo ni watoto wanaotutazama sasa tunapohesabu fedha, tunapogombana na tunapopatana.

Mama yetu Maria, Malkia wa Mitume, na Watakatifu Mashahidi wa Uganda, na Wenye Heri Isidori na Floribert, watuombee tupate viongozi wanaompendeza Mungu. Katika somo lijalo tutaeleza jinsi ya kuongoza ibada ya Jumapili pasipo padri.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele amina.